Aliyeumia mgongo habebwi msobemsobe

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, likaparamia matatu, wachuuzi na wapita njia. Zaidi ya watu 50 walifariki. Katika ajali kama hiyo, au ya boda boda kwenye mashamba ya chai ya Kabianga, anayefika kwanza ni raia wa kawaida. Nasi wa Pwani yanatuhusu: mkwezi huanguka mnazini, kijana hupiga mbizi palipo na maji haba.

Pingili za uti wa mgongo hulinda mshipa mkuu wa fahamu. Pingili ikivunjika, mshipa huenda bado ni mzima. Kumkunja majeruhi au kumshika mikono na miguu kunaweza kuuharibu, akapooza maisha yake yote.

Dalili

Shuku jeraha la uti ikiwa ameanguka kutoka juu au amegongwa kwa kishindo, na analalamika maumivu ya shingo au mgongo, ganzi, miguu kukosa nguvu, au amejikojolea bila kujua. Aliyezimia baada ya ajali mhesabu kuwa ameumia uti.

La kufanya

1. Hakikisha mahali ni salama, kisha piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu 1199.
2. Mwambie asitikisike. Shika kichwa chake kwa mikono miwili kama ulivyokikuta. Usimvue helmeti ila ikiwa inamziba pumzi.
3. Pumzi hutangulia mgongo. Akikoroma, sukuma taya lake mbele bila kukunja shingo. Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa.
4. Akitapika, mgeuzeni ubavu kama gogo, kichwa na kiwiliwili pamoja. Watu wanne wanatosha: mmoja kichwani ndiye anayehesabu, wengine begani, kiunoni na miguuni.
5. Mfunike nguo, Kericho ni baridi. Usimpe chakula wala maji.

Gari la wagonjwa lisipopatikana, mlalisheni juu ya ubao au mlango, kwenye pikapu, iendeshwe polepole. Boda boda na tuktuk humkunja.

Kazi ya muuguzi

Muuguzi hupima pumzi, mapigo na shinikizo la damu, kisha humwomba majeruhi asogeze vidole. Huandika majibu na saa, kabla na baada ya kumhamisha. Shinikizo likishuka huku mapigo yakienda polepole na ngozi ikiwa na joto, huenda uti umeumia. Hata hivyo atafute kwanza damu inayovuja ndani. Akifika hospitalini aondolewe ubaoni mapema, kwani asiyehisi hupata vidonda bila kujua.

Haraka haraka haina baraka: dakika chache za kumsubiri mwenye machela zinaweza kumwachia mtu miguu yake.