Uzi wa programu uliokwama ukisubiri data husitishwaje?

MTUMIAJI wa tarakilishi anapofunga programu nayo ikakataa katakata kufungika, huenda ndani yake mna uzi uliolala. Uzi, katika taaluma hii, ni mfululizo wa maagizo unaotekelezwa sambamba na mingine ndani ya programu moja. Uzi unapoomba data kutoka mtandaoni au kwenye diski, mfumo endeshi huulaza hadi data ifike. Isipofika, hauamki.

Mwenye haraka atasema uuawe tu. Lugha ya Java iliwapa waandishi wa programu amri ya namna hiyo, iitwayo "stop", na madhara yake yalikuwa makubwa. Uzi unaokatizwa ghafla huachilia kufuli zote ulizoshika, kisha nyuzi nyingine huingia na kukuta kazi nusunusu. Katika programu ya benki, fedha zingeweza kutolewa katika akaunti moja zisiingie katika ya pili, na pasiwe na wa kuuliza. Toleo la 1.2 la mwaka wa 1998 liliwaonya watu wasiitumie amri hiyo, ingawa ilichukua hadi toleo la 20, mwaka wa 2023, kuizima.

Iliyobaki ni "interrupt", ambayo kwa hakika ni ombi. Uzi uliojilaza wenyewe kwa muda huisikia ukaamka. Ule wa kawaida unaosoma kutoka kwenye soketi hausikii lolote. Dawa ni kuondoa kile unachokingojea: uzi mwingine huifunga soketi, kusoma kukakatizwa kwa hitilafu, na aliyelala akaamka, akaachilia kufuli zake kwa utaratibu na kuondoka. Aliye mwangalifu zaidi huweka kikomo cha kungoja mapema, tuseme sekunde 30.

Kuna usingizi mzito kuliko huo. Katika Linux, programu inayosubiri diski yaweza kuwa katika hali iliyopewa herufi D, ambamo hata amri kali ya "kill -9" haifui dafu hadi diski ijibu. Toleo la 2.6.25 la mwaka wa 2008 lilileta hali ya kusubiri inayokubali kuuawa, ikaanza kutumika kwa mafaili yanayosomwa kupitia mtandao. Si kila sehemu ya mfumo inayoitumia, na diski ikiharibika kabisa, mara nyingi husalia kuzima tarakilishi nzima.