Imeingia Ama Imetoka?

Kila mwaka mwisho wa Juni ukifika, mzee wangu huuliza swali moja labda mara mia kwa siku: "Imeingia ama imetoka?" Najua sarufi ingetaka aseme "umeingia", kwa sababu anauliza kuhusu mpira. Lakini uwanjani hakuna anayeongea hivyo.

Anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, uso ameuelekeza kwenye TV, na mpira haouni. Glakoma, ile watu huita presha ya macho, ilimla polepole kutoka pembeni kuja katikati, hadi kikabaki kitundu kama cha funguo. Kupitia hapo anaona kijani cha nyasi, na siku nzuri anaona shati jeupe likipita. Mpira? Zii. Kwa hivyo mimi ndiye macho yake kwa hizo wiki mbili za Wimbledon. Kazi si ngumu, ila ukichelewa kujibu anakuuliza kama umelala.

Ni kwa sababu yake nilianza kusoma jinsi tenisi ilivyofika kwenye televisheni, na nikakuta kwamba hili tatizo la kutouona mpira limemtangulia kuzaliwa. Redio ya BBC ilianza kutangaza kutoka Wimbledon mwaka 1927. Miaka kumi baadaye, tarehe 21 Juni 1937, ikaja zamu ya televisheni. Huduma yenyewe ilikuwa haijafikisha mwaka mmoja. Ilikuwa imeanza Novemba 1936 pale Alexandra Palace, kaskazini mwa London, na magari yake ya kurushia matangazo nje ya studio yalikuwa yametumika Mei kuonyesha msafara wa kutawazwa kwa Mfalme George wa Sita. Sasa yakapelekwa kwenye nyasi. Mechi ya kwanza ilikuwa ya Bunny Austin, Mwingereza, dhidi ya George Rogers wa Ireland, na haikuonyeshwa yote. Watazamaji walikuwa watu wachache wa London na viunga vyake, wenye pesa za kununua seti, wakikodolea kioo kidogo chenye picha ya rangi ya jivu. Fikiria mpira mweupe wa sentimita sita na nusu, unaoruka kwa kasi, kwenye picha ya mistari 405. Hao watu walikuwa wanatazama wanaume wawili wakikimbiakimbia na kupunga mikono hewani. Nikamsomea mzee. Akacheka, akasema basi yeye anatazama TV ya 1937.

Yeye mwenyewe alijulia tenisi chini, si kwenye TV. Mwanzoni mwa miaka ya 70, akiwa mvulana, alikuwa anaokota mipira kwenye klabu moja ya Nairobi ambayo sitaitaja. Wanachama walivaa nyeupe tupu na mipira pia ilikuwa nyeupe. Viwanja vya pale vilikuwa vya udongo mwekundu, na saa kumi jioni mpira mpya ulikuwa umeshageuka rangi ya chai ya maziwa. Siku moja wanachama wawili wakabishana. Mmoja akamgeukia yeye, kijana aliyechuchumaa kando ya wavu, akamuuliza imeingia ama imetoka. Sasa, kwenye udongo mpira huacha alama. Alama ilikuwa pale, nje ya mstari kwa upana wa kidole. Mzee akaonyesha kwa mkono, akasema imetoka. Kesho yake askari wa getini akamwambia hakuna kazi.

Hajawahi kutusimulia hiyo stori kwa uchungu. Anaisimulia kama kichekesho, na huwa anarefusha sehemu ya alama, jinsi ilivyokuwa wazi kabisa, kama mguu wa mbuzi kwenye matope. Lakini mimi naona kwamba tangu siku hiyo hakuacha kuuliza.

Akafuata tenisi kwa mbali. Arthur Ashe alipomshinda Jimmy Connors kwenye fainali ya Wimbledon ya 1975, mtu mweusi wa kwanza kuchukua taji hilo la wanaume, mzee aliiona kama picha moja kwenye gazeti aliloazima kwa mwenye duka. Fainali nzima, seti nne, kwake ilikuwa picha moja isiyotembea. Alikaa nayo hadi mwenye duka akadai gazeti lake.

Wakati huo televisheni ilikuwa imeshaanza kubadilisha mchezo wenyewe, na hii ndiyo sehemu inayonishangaza zaidi. Tarehe 1 Julai 1967, BBC2 ilianza matangazo ya rangi, na kitu cha kwanza ilichochagua kuonyesha kwa rangi kilikuwa Wimbledon. Bosi wa stesheni hiyo alikuwa David Attenborough, huyu huyu unayemjua kwa sauti ya filamu za wanyama. Basi rangi ikaja, nyasi zikawa kijani, na mpira mweupe ukazidi kupotea hasa unapopita juu ya mstari mweupe. Mwaka 1972 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi likaruhusu mpira wa manjano, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba watu walio mbele ya TV wanauona vizuri zaidi. Si mchezaji aliyeomba. Aliyefikiriwa ni mtu aliyekaa kwenye kochi. Wimbledon nao, kwa vile ni wao, walikataa wakaendelea na mweupe hadi 1986.

Kwetu nyumbani TV ya rangi ilikuja nikiwa mdogo, na tenisi ilikuja kwa bahati: dakika mbili mwisho wa habari za michezo, baada ya ligi ya Uingereza na riadha. Mashindano kamili yalikuwa ya wenye dishi. Ndiyo maana tarehe 6 Julai 2008 tulikuwa sebuleni kwa jirani, mimi nina miaka kumi na nne, mzee amenunua soda kreti nzima ili tusionekane tumekuja mikono mitupu.

Fainali ya Rafael Nadal na Roger Federer. Watu wengi huiita mechi bora kuwahi kuchezwa, na sitabishana nao. Nadal akachukua seti mbili za kwanza, 6-4, 6-4. Federer akarudisha mbili kwa taibreki. Mvua ilikatiza mchezo mara mbili na paa la Centre Court lilikuwa bado linajengwa, kwa hivyo kila mtu alingoja. Seti ya tano ikaenda hadi 9-7 kwa Nadal, na ikaisha saa tatu na dakika kumi na sita usiku kule London. Kwetu ilikuwa saa tano na dakika kumi na sita. Jirani alikuwa ameshalala kwenye kiti.

Katika ile seti ya mwisho mzee alianza kulalamika kwamba hakuonekani. "Washeni taa," akasema. Nikamwambia, Baba, ni giza la London, jua linazama. Na ilikuwa kweli linazama! Watangazaji walikuwa wanasema hivyo hivyo, kwamba kamera zinaonyesha mwanga kuliko ulioko uwanjani. Akasogeza kiti mbele. Baada ya gemu mbili akasogeza tena. Akauliza, "Imeingia ama imetoka?" na mimi nikajibu bila kuangalia upande wake, kwa sababu nilikuwa nimemezwa na Nadal.

Alipopelekwa kwa daktari wa macho ilikuwa miaka miwili baadaye, baada ya kugonga mlingoti wa stima mchana kweupe. Daktari akasema sehemu kubwa ya macho ilikuwa imeshaenda na hairudi, na kilichobaki kingelindwa kwa dawa za matone. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi usiku. Glakoma huanza bila maumivu, pengine hata 2008 tungekuwa tumechelewa. Lakini giza nililolisukumia London halikuwa lote la London.

Mambo ya TV yakaendelea kubadilika. Mapema 2015 mitambo ya analojia ikazimwa, antena zikawa za kuanikia nguo, kila nyumba ikatafuta king'amuzi. Mashindano makubwa yakabaki nyuma ya malipo ya mwezi. Tarehe 14 Julai 2019 nilikuwa kwenye kibanda cha kuonyesha mpira mtaani, nikimsihi mwenye kibanda aache fainali ya Federer na Novak Djokovic. Federer alikuwa na pointi mbili za ubingwa kwenye seti ya tano, 8-7, 40-15. Saa moja jioni ilikuwa imepita na vijana walikuwa wamelipa kuona Senegal na Tunisia, nusu fainali ya AFCON. Mechi za Afrika zikashinda, na kwa haki. Djokovic akachukua taji mimi nikitazama kona ya Senegal.

Halafu 2022. Wikendi ile ile ambayo Ons Jabeur wa Tunisia alipoteza fainali ya wanawake kwa Elena Rybakina, dunia nzima ikitazama, kulikuwa na fainali nyingine ya wasichana wadogo, wachezaji wawili wawili. Angella Okutoyi wetu akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, dhidi ya Wakanada Kayla Cross na Victoria Mboko. (Mboko wazazi wake walitoka Kongo. Mwaka 2025 alimshinda Naomi Osaka akachukua ubingwa wa Montreal, kwa hivyo usidhani walikuwa wanacheza na watoto wa mtaani.) Nilitafuta picha kila mahali. Nilifungua linki zilizoniletea matangazo ya kamari, nikala data yote ya wiki, nikaishia kwenye ukurasa wa matokeo: namba tupu zinazobadilika. Nikawa nazisoma kwa sauti. Tatu kwa sita. Sita kwa nne. Sasa taibreki ya kuamua, ya kwanza kufika kumi, lakini lazima upite kwa mbili. Tisa kwa tisa.

Kwa mara ya kwanza mimi na mzee tulikuwa sawa. Hakuna aliyekuwa anaona kitu. Kumi kwa tisa. Simu ikaganda. Mzee akashika mkono wa kiti. Ikarudi: kumi na moja kwa tisa, Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam, na sisi wawili tukapiga kelele kwa ajili ya namba.

Mwaka 2025 Wimbledon waliondoa waamuzi wa mistari, baada ya miaka 147, mashine ikachukua kazi. Nikamwuliza mzee anaonaje. Akasema angalau mashine haifutwi kazi ikisema ukweli. Siku chache baadaye ikatokea mechi ya Anastasia Pavlyuchenkova na Sonay Kartal ambapo mpira ulitoka waziwazi na mashine ikanyamaza, kumbe mtu alikuwa ameizima upande huo wa uwanja kwa makosa. Mzee alicheka hadi akakohoa.

Siku hizi natazama kwa simu na kwa laptopu, na yeye anasikiliza redio ya Wimbledon yenyewe, inayosikika bure mtandaoni, kwa kisikizi cha sikio moja. Sikio lingine ameniachia mimi. Kwenye fainali ya Julai hiyo, Jannik Sinner na Carlos Alcaraz, picha yangu ilikuwa inachelewa nyuma ya sauti yake kwa sekunde nyingi. Mwanzoni sikuelewa. Nilijiandaa kujibu swali lake na swali halikuja.

"Imetoka," akasema mzee.

Kwenye kioo changu Alcaraz alikuwa bado anadunda mpira, hajaanza hata sevu.