Sikio Katika Shule ya Kalamu

Mwanafunzi wa uandishi ana shida moja kubwa: haoni makosa ya sentensi yake mwenyewe. Jicho limekwisha zoea maneno yake. Hulisamehe lililopungua na hulipita lililozidi. Sikio halina huruma namna hiyo. Lakini katika vyuo vikuu sikio liliwekwa kando kwa muda mrefu, na mojawapo ya njia zilizolirudisha ilitoka mahali pasipotazamiwa, yaani katika chombo cha kusikilizia muziki.

Februari 2004 Ben Hammersley aliandika katika gazeti la The Guardian la Uingereza juu ya vipindi vya sauti vilivyoanza kuenea kwa intaneti. Alivipendekezea majina kadhaa, na moja likaishi. Ndilo asili ya neno podikasti. Agosti ya mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kiliwagawia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, zaidi ya 1,600, iPod moja moja pamoja na kinasa sauti cha kupachika. Mradi ule ulikadiriwa kugharimu dola 500,000. Walikuwapo waliolaumu kwamba vijana wamepewa starehe kwa jina la elimu.

Lawama ile haikuwa bure. Mwanafunzi asikilizaye tu ni mtungi unaojazwa, haandiki neno. Walakini tathmini ya mwaka wa kwanza ilionyesha kuwa katika kazi za masomo, kunasa sauti ndiko kulikotumika zaidi. Mwaka 2005 ugawaji kwa wote ulikoma; vyombo vikaenda kwa masomo ambayo waalimu wake walikuwa na kazi navyo. Uamuzi huo ulikuwa na busara, kwa maana chombo hufuata kazi, wala kazi haifuati chombo.

Katika somo la uandishi kazi yenyewe ni hii: mwanafunzi huandika insha ya kusikilizwa, huisoma mbele ya kinasa sauti, hujisikiliza, kisha huirudia kalamu. Pumzi ikimwishia kabla ya nukta, sentensi imerefuka mno. Ulimi ukijikwaa, maneno hayakupangwa vema. Tena msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Hoja isipofuatana humpotea njiani. Peter Elbow, mwalimu mashuhuri wa uandishi nchini Marekani, alitetea usomaji wa namna hiyo katika kitabu chake Vernacular Eloquence cha mwaka 2012. Kwa Mswahili fundisho hili si geni, kwa kuwa mizani ya utenzi hupimwa kwa sikio kabla ya kusifiwa kwa jicho.

Hata hivyo sikio lina mipaka yake. Halikagui tahajia, wala halijui kama ushahidi uliotajwa ni wa kweli. Na sauti tamu yaweza kuifunika hoja mbovu. Kwa hiyo podikasti haiwezi kuirithi kalamu. Heshima yake ni kuirudisha kalamu kazini, mwandishi akiwa amekwisha jisikia kama wasikiavyo wengine.