Makumbusho ya Tanga na Kumbukumbu za Usambara

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kukumbusha, yaani kumfanya mtu akumbuke. Nyumba iitwayo kwa jina hilo imepewa kazi kubwa kuliko kuhifadhi vitu vya kale visiliwe na mchwa. Inatakiwa kumrudishia mtu jambo alilolisahau, au alilolisikia kwa wazee wake asipate kuliona. Kwa hiyo kila makumbusho yaweza kuulizwa maswali mawili: yamkumbusha nani, na yamkumbusha nini? Maswali haya yafaa kuulizwa katika mji wa Tanga, ambako yapo makumbusho madogo yajulikanayo kwa jina la Urithi. Na hasa yafaa kuulizwa na mtu ashukaye kutoka milima ya Usambara, kwa sababu historia ya milima hiyo na historia ya mji ule haziwezi kutengwa.

Makumbusho hayo yamo katika Boma la zamani, karibu na bandari, katika nyumba iliyojengwa na Wadachi walipokuwa wakianza kuitawala nchi. Nyumba ilitengenezwa upya baada ya kuchakaa, na ndani yake zimewekwa picha na vyombo vya kale vya mji na wilaya zake. Si makumbusho makubwa kama yale ya Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano, wala kama Beit el Amani ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1925. Mgeni aweza kuyamaliza kwa muda mfupi. Lakini udogo huo una faida yake: mtu hatembei kutoka bara moja mpaka jingine katika chumba kimoja, bali hukaa na nchi moja tu, akaitazama.

Nyumba yenyewe ni kitu cha kwanza cha kutazamwa. Neno boma lilikuwako kabla ya Wadachi, na maana yake ilikuwa ua au ngome ya miti iliyozungushiwa mji, au zizi la ng'ombe. Wenye mamlaka wapya walipojenga nyumba za mawe zenye kuta nene, watu waliziita kwa neno walilokuwa nalo, na tangu hapo boma likawa ni ofisi ya serikali, pahali pa kodi, hukumu na barua. Maana hiyo ya pili imeenea mjini na mashambani, hata mtu wa Lushoto asemapo anakwenda bomani hakuna anayedhani kwamba anakwenda zizini. Historia ya utawala imo katika neno hili moja. Tena ni jambo la kufikiriwa kwamba historia ya wenyeji leo imehifadhiwa ndani ya nyumba iliyojengwa ili wenyeji watawaliwe. Hilo si kosa la makumbusho, kwani nyumba imara za zamani ndizo hizo zilizobaki; ila mgeni asilisahau anapopita mlangoni.

Picha nazo zina tabia ya nyumba yao. Picha nyingi zilizobaki za nchi hii kabla ya mwaka 1914 zilipigwa na wageni, na baadhi yake na wapiga picha waliofanya kazi hiyo kwa biashara, kama Walther Dobbertin. Mpiga picha alichagua yale yaliyomvutia yeye au waliomnunua: gati, reli, shamba la mkonge, nyumba ya serikali, askari kwenye mstari. Watu wamo, lakini mara nyingi majina yao hayamo. Chini ya picha ya aina hii huandikwa jina la daraja au la kituo cha reli, na wale waliolijenga daraja wakabaki kuwa wenyeji tu. Huu ndio upungufu mkubwa wa picha za zamani: zina nyuso bila majina.

Mtu wa Usambara akitafuta historia yake mjini Tanga asidhani kwamba ameomba jambo la mbali. Milima ile huonekana kutoka baharini, na wageni waliiona kabla hawajaukanyaga mchanga. Mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama zilipita pwani hiyo, na moja yake, São Rafael, ikakwama kwenye mafungu kusini ya mahali ulipo mji wa Tanga leo; mabaharia wakaitazama milima mirefu iliyo nyuma ya pwani, wakaipa jina la merikebu yao. Katika safari ya kurudi, mwaka 1499, merikebu hiyo ilichomwa moto papo hapo kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuiendesha. Jina la Kireno halikukaa. Wenyewe waliendelea kuiita nchi yao Shambaai, na watu wa pwani wakaiita Usambara.

Karne tatu na nusu baadaye uhusiano wa mlima na pwani ulikuwa ni uhusiano wa enzi. Mtawala wa Vuga, Kimweri ye Nyumbai, alisikika mpaka pwani, kati ya Tanga na Pangani, ambako Sultani wa Unguja naye alidai utii wa madiwani. Johann Ludwig Krapf alifika kwa Kimweri mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Burton na Speke walipanda Vuga mwaka 1857. Hawa wote walikwenda kwa sababu walijua kwamba neno la mzee yule lina uzito hata bandarini. Basi palikuwapo wakati ambapo Tanga iliangalia Vuga kama vile Vuga ilivyokuja kuiangalia Tanga baadaye. Makumbusho ya Tanga yasipoisimulia Vuga, yatakuwa yameacha nusu ya habari za Tanga yenyewe.

Yako wapi, basi, majina ambayo picha hazina? Yamo katika kitabu cha Kiswahili. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyekuwa karani wa Semboja huko Mazinde, na baadaye akawa Liwali wa Tangata, aliandika Habari za Wakilindi, masimulizi marefu ya ukoo uliotawala Usambara. Sehemu zake zilipigwa chapa na misheni ya Magila kati ya 1895 na 1907. Na mwaka 1962 kitabu kikatolewa upya kwa matengenezo ya J. W. T. Allen, kikafuatiwa na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1963. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Magila iko katika nchi ya Wabondei, na Wabondei ndio waliowafukuza Wakilindi katika vita vya Kiva, miaka michache baada ya Kimweri kufa mwaka 1862. Hivyo habari za watawala zilichapwa katika nchi ya watu waliokwisha kuukataa utawala wao.

Kitabu hiki chaanza na Mbegha, mwindaji wa Nguu, ambaye alizaliwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota. Kigego alihesabiwa kuwa mwenye nuhusi, na Mbegha akanyimwa urithi, akaondoka kwao, akaingia Usambara akiwinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba. Aliwapa watu nyama, nao wakampa vyakula vya mashambani. Na alipoua simba, watu wa Vuga wakamfanya mtawala wao. Mwanachuoni Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme huo, ameonyesha kwamba kisa hiki hakifai kusomwa kama orodha ya mambo yaliyotokea tu. Ndani yake mna fikira za Washambaa juu ya utawala wenyewe: mtu wa porini, mwenye nyama na nguvu za uganga, afanywa mtu wa nyumbani kwa kupewa mke na chakula. Mtawala mwenye nguvu aiponya nchi, mvua ikanyesha. Nguvu zikishindana na nguvu nyingine, nchi yaharibika, njaa ikaingia. Kwa Kishambaa huambiwa kuzifya shi, kuitengeneza nchi, na kubana shi, kuiharibu. Fikira kama hizo hazipigwi picha. Zakaa katika maneno, na maneno yakipotea hakuna chombo cha kuwekwa kabatini badala yake.

Lakini msomaji wa kitabu hiki naye hana budi kuwa na hadhari. Abdallah alikula chumvi ya Semboja. Aliyaona mambo ya milimani akiwa chini, Mazinde, penye bwana wake, na aliyaandika kwa lugha na adabu ya pwani. Kwa hiyo shahidi huyu, ingawa ni mwema, ana mahali pake pa kusimama. Na ili kujua mahali hapo, kitabu hakitoshi wala makumbusho hayatoshi. Yafaa mtu apande Irente.

Irente iko nje ya mji wa Lushoto, mwendo wa saa moja na ziada kwa miguu, kupita mashamba ya mahindi, maharage na mboga. Njia yafika ukingoni, na hapo mlima wakatika ghafula. Chini, karibu mita elfu moja, yaonekana Mazinde, na mbele yake nyika tambarare mpaka macho yashindwe. Hapo mtu aelewa kwa mara moja jambo ambalo kurasa nyingi hueleza kwa taabu. Vuga ilikuwa na enzi kwa sababu ilikuwa juu, penye mvua, migomba na watu wengi, mbali na wavamizi wa nyikani. Lakini njia ya misafara kutoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita chini, pembeni mwa mlima, na Mazinde ilikuwa juu ya njia hiyo. Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa palipopita pembe, nguo, bunduki, baruti na watumwa. Kimweri alipokufa, aliyerithi kiti alikuwa Shekulwavu, mjukuu wake. Lakini Semboja alikuwa na bunduki, akamshinda, akamweka mwanawe mwenyewe Vuga, naye akakaa pale pale chini. Urithi wa Mbegha ulikuwa juu, na nguvu mpya zilikuwa chini. Watu wengi waliuzwa utumwani katika vita vilivyofuata.

Waliokuja baadaye walifuata njia ile ile. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, ikapita Mombo na Mazinde chini ya milima, ikafika Moshi mwaka 1911. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893: katika miche 1,000 iliyosafirishwa ilipona 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na vizazi vyake vikafunika nchi ya chini kwa mistari iliyonyoka. Juu milimani Wadachi walijenga mji wakauita Wilhelmstal, kwa jina la Kaizari wao. Baada ya vita vya 1914 hadi 1918 jina hilo likaachwa, na la Lushoto likabaki. Na mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga wa ukoo wa Semboja, ili kila mtu ajue kwamba hukumu ya kifo si ya Vuga tena. Neno boma lilikuwa limekwisha kupata maana yake mpya.

Mtu aliyeyatazama makumbusho ya Tanga, akakisoma kitabu cha Abdallah, kisha akasimama Irente, amekwisha kupata mashahidi watatu, na kila mmoja ana kasoro ambayo mwenziwe aweza kuiondoa. Picha ina nyuso bila majina. Kitabu kina majina bila nyuso, nacho kiliandikwa na mtu mwenye bwana. Mahali hapana nyuso wala majina, lakini hapasemi uongo juu ya nani alikuwa juu na nani alikuwa chini. Shahidi wa nne ni mzee wa kijijini, Vuga au Mazinde au Bumbuli, ajuaye maana ya neno lisiloandikwa. Na huyu peke yake, katika wanne, hangoji.

Kazi iliyopo, basi, si kubwa mno kwa fedha. Picha zirudishwe kwa watu, nakala zake zipelekwe vijijini, waulizwe wazee: huyu ni nani, nguo hii yaitwaje, mti huu ulikuwa wapi? Jibu liandikwe kwa Kishambaa kwanza, kama lilivyosemwa, na kwa Kiswahili baadaye. Mfano uko: hati nyingi za kale za tenzi na barua zilizomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilipatikana kwa sababu Allen na wenziwe walikwenda nyumba kwa nyumba pwani, katika miaka ya 1960, wakaomba waonyeshwe yaliyomo masandukuni. Hati zilizochukuliwa wakati ule zipo. Zile zilizongojwa, nyingi zimeliwa na wadudu. Picha bila jina nayo huliwa, ingawa karatasi yake ni nzima, siku anapozikwa mtu wa mwisho aliyeijua sura ile.