Kipande na Kitambulisho

Mtu akikosea namba yake ya siri ya M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007, hata akaunti ikafungwa, hudaiwa kitambulisho ili ajulikane kuwa ndiye mwenyewe. Wanafunzi wangu huona jambo hili kuwa jipya. Si jipya hata kidogo. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, kikiwa katika kikebe cha chuma shingoni. Wakikuyu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Bila sahihi ya bwana wake wa kwanza, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine. Alama zile zile za vidole zilimfungia njia babu. Leo zamfungulia mjukuu fedha zake.