Duara Kabla ya Bikari

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, neno "duara" lina maana mbili. Darasani ni umbo. Nje ya darasa ni shimo la mchimbaji mdogo, na mwenye duara ni mtu anayejulikana kijiji kizima. Miaka kadhaa iliyopita niliongozana na mwenzangu, mkufunzi wa ualimu, kutazama ufundishaji wa hisabati mkoani humo. Mwalimu akauliza darasa la sita: duara ni nini? Kijana mmoja akajibu, "Ni pale anapofanya kazi baba." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akasema si sahihi, akageukia ubao, akaandika maana yake ili inakiliwe. Bikari ilikuwa moja tu, ya mbao, nayo imevunjika mguu.

Mimi sikucheka. Jibu lile lina historia ndefu.

Wajenzi wa Kisukuma wa nyumba za msonge hawakuhitaji bikari. Kigingi hupigwa katikati, kamba hufungwa, kisha ncha yake huzungushwa ardhini ikiwa imekazwa. Kila inapopita, umbali kutoka kwenye kigingi ni uleule, na hiyo ndiyo maana ya duara. Euclid naye aliifafanua hivyohivyo. Kata kamba yenye urefu wa kipenyo, uizungushe juu ya mzingo: itaingia mara tatu na kubaki kipande kidogo. Fundi anayechimba msingi leo Katoro au Kahama hupata kona ya nyuzi 90 kwa kamba ya vipimo vya 3, 4 na 5. Jiometri ilikuwapo kijijini muda wote.

Shule za kati za miaka ya 1950, zilizochukua darasa la 5 hadi la 8, zilipewa mwelekeo wa kilimo. Mwanafunzi akashika jembe, hisabati ikabaki ubaoni. Kuanzia mwaka 1962 wataalamu walikutana Entebbe kuandika vitabu vya hisabati mpya, vilivyotanguliza lugha ya seti. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo yenyewe. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, tulipoteleza zaidi: tulichukua shamba tukaacha somo. Mtoto wa Shinyanga alipanda pamba kwa kamba, mstari baada ya mstari, asiambiwe kwamba anachora mistari sambamba. Mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000, ulihitaji wapima ardhi na wachora ramani. Kijana asiyewahi kuchora pembe kwa mkono wake angeanzia wapi?

Wakati wa mapumziko mwenzangu alimwita yule kijana uwanjani, akampa kigingi na kamba ya katani, akamwomba achore duara litakalotosha darasa zima kusimama juu ya mzingo wake. Alilichora bila kusita. Wenzake wakajipanga, na msichana mmoja akatazama huku na huku, kisha akauliza, "Mwalimu, mbona hakuna aliye karibu na kigingi kuliko mwingine?"