Ekokadiografia

Ekokadiografia, au eko ya moyo, ni kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu kuonyesha moyo unavyodunda. Kilianzishwa mwaka 1953 mjini Lund, Uswidi, na daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz. Kifaa hupakwa jeli na kuwekwa kifuani, kati ya mbavu. Katika magonjwa ya misuli ya moyo, hupima unene wa kuta, upana wa vyumba na nguvu ya kusukuma damu. Moyo uliotanuka huwa na ventrikali ya kushoto pana inayosinyaa kwa udhaifu; katika aina ya ugonjwa ambayo misuli hunenepa, ukuta wa mtu mzima kwa kawaida hufikia milimita 15 au zaidi, bila shinikizo la damu au sababu nyingine inayotosha kuueleza. Makovu ndani ya misuli huonekana vizuri zaidi kwa kipimo cha MRI (picha za sumaku).